Tumeangusha ndege ya kujifunzia. Sasa tununue ipi?

Jumamosi moja, saa tano na nusu asubuhi, mbele ya wanafunzi thelathini na kitu wa kidato cha pili, niliangusha ndege ya watu watatu. Nasema ya watu watatu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mimi na wenzangu wawili wa shahada ya uzamili, tunaopanga nyumba moja hapa Shirimatunda, tulichangishana miezi mitano kuinunua. Ilikuwa ndege ya rimoti ya povu, ya kujifunzia, bawa juu ya bodi, upana mita moja na nusu. Tulikuwa tunaitumia kufundisha fizikia ya kuruka kwa vitendo, wikendi, kwenye shule moja kusini mwa mji.

Ilikata kona, bawa la kushoto likadondoka, pua ikaelekea chini, basi. Kishindo chake ulikisikia kabla ya kuelewa umeona nini. Binti mmoja aliyekuwa kashika rimoti dakika tano kabla yangu, tena akairusha vizuri tu, akaniuliza, "Madam, imekufa?"

Sikuwa na jibu. Nikaokota vipande.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina mjadala mmoja: ndege ya pili iwe ipi? Nimesoma ushauri mwingi, nimetazama video nyingi, na nimefikia mahali pa kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya ushauri unaotolewa kwa mtu aliyeangusha ndege ya kwanza ni mbovu. Wanaoutoa siyo wajinga. Tatizo ni kwamba unajibu swali lisiloulizwa. Unajibu "hatua inayofuata ni ipi?" wakati swali la aliyeshika vipande mkononi ni "kwa nini imeanguka?"

Ngazi

Ushauri wenyewe ukoje? Upo kama ngazi. Chini kabisa kuna ndege ya kujifunzia, bawa juu. Ukiizoea, panda: ndege ya bawa la katikati au la chini, yenye aileroni, yaani vile vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege kushoto na kulia. Ukiizoea hiyo, panda tena: ndege ya vita ya Vita Kuu ya Pili, Mustang au Spitfire. Juu kabisa, jeti.

Ngazi hii siyo uongo mtupu, ila ina mambo mawili yanayonikera.

La kwanza, inahesabu uzoefu kwa safari, haihesabu makosa. Ukisharusha mara ishirini bila kuanguka unaambiwa umeiva. Sisi tulirusha zaidi ya mara thelathini. Kumbe mara zote thelathini tulikuwa tunarusha saa moja asubuhi, hewa imetulia kama maji ya mtungi. Tulichojifunza ni asubuhi. Kuruka kwenyewe hatukuwa tumejifunza bado.

La pili, ngazi hiyo haina mahali pa mtu aliyeanguka. Aliyeanguka anaambiwa ama anunue ileile, ama "kwa kuwa umeshajifunza, panda". Hakuna anayemwambia akae chini na penseli.

Basi sisi tukakaa chini na penseli.

Ilikufa kwa nini

Mwenzetu mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Kwenye video ndege inapita juu ya uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli, mita mia moja hivi, kwa sekunde 7.7. Hiyo ni kama kilomita 47 kwa saa. Kwa macho yangu ilikuwa inakimbia sana, nikapunguza moto.

Lakini ndege haijui kasi ya ardhini. Inajua kasi ya hewa inayopita juu ya bawa lake. Siku hiyo tulikuwa na kipimo cha upepo cha mkononi, tulichoazima kwa rafiki anayefanya utafiti wa migomba, na kilikuwa kinasoma kati ya kilomita 12 na 16 kwa saa. Upepo ulikuwa unatoka kusini kwenda mlimani, na ndege nayo ilikuwa inaelekea mlimani. Upepo uko mgongoni. Toa 14 kwenye 47, unabaki na 33. Hiyo 33 ndiyo kasi ambayo bawa lilikuwa linaihisi, na ni kabla sijapunguza moto.

Sasa tuulize bawa hilo lilihitaji kasi gani ili libebe ndege. Kani ya kuinua inategemea densiti ya hewa, eneo la bawa, pembe ambayo bawa linaukabili upepo, na kasi zidisha kwa kasi. Ukipunguza kasi unaweza kufidia kwa kuinua pua, lakini kuna mwisho. Pembe ikizidi, hewa inaachana na mgongo wa bawa na kani inaporomoka. Marubani wanaita stoli. Injini haihusiki hapa, maana inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa wakati ndege inadondoka.

Ndege yetu ilikuwa na gramu 1,400 na bawa la desimita za mraba 33. Desimita moja ya mraba ni sentimita kumi kwa kumi, kama kiganja hivi. Gawanya: kila kiganja cha bawa kinabeba gramu 42. Namba hiyo tuiite mzigo wa bawa, na uishike, maana tutarudi kwake mara nyingi. Kwa bawa la kawaida la ndege ya namna hii, stoli inakuja karibu na kilomita 28 kwa saa ukiwa usawa wa bahari na baridi ya nyuzi 15.

Sisi hatuko usawa wa bahari. Uwanja mdogo wa ndege wa Moshi uko mita 850 hivi juu ya bahari, na shule ile iko chini yake kidogo. Weka mita 800 na joto la nyuzi 30, densiti ya hewa inashuka kutoka kilo 1.225 kwa mita ya ujazo hadi karibu 1.06. Ni upungufu wa asilimia 13 au 14. Stoli inapanda kutoka 28 hadi 30. Kilomita mbili tu, utasema, zina nini? Subiri kona.

Ndege ikilala kukata kona, bawa linabeba uzito na pia linavuta ndege kuelekea ndani ya kona. Ukilala nyuzi 45 bila kupoteza kimo, kasi ya stoli inazidishwa kwa 1.19. Ukilala nyuzi 60, kwa 1.41. Chukua 30, zidisha kwa 1.19, unapata 36.

Nilikuwa na 33, na moto nimepunguza. Yaani ndege ilikuwa imeshaanguka kabla sijakata kona, mimi tu ndiye sikuwa na habari.

Kwa hiyo kosa letu lina jina: kuhukumu kasi kwa macho wakati upepo uko mgongoni, kisha kukata kona kali. Hata marubani wa ndege za kweli wanaonywa juu yake. Hoja yangu yote iko hapa: ndege ya pili ichaguliwe kwa kosa lililoangusha ya kwanza. Cheo cha ngazi tukiweke pembeni, na sura pia. Inayofaa ni ile inayolionyesha kosa hilo waziwazi na kulisamehe. Tukilifanya tena, nasi tutalifanya tena, tulione likija, na tukishaliona tuwe bado tuna ndege.

Kwa kipimo hicho, tuwapitie wagombea wanne.

Mgombea wa kwanza: Mustang

Huyu ni chaguo la kaka yetu wa nyumba, na la wanafunzi karibu wote. Ukweli usemwe, ni nzuri. P-51 Mustang iliruka mara ya kwanza 1940, na hadi leo ukiiweka mezani watu wanasogea kuitazama. Kaka anasema, "Dada, watoto hawaji kuangalia hesabu zako, wanakuja kuangalia ndege." Ana hoja. Ile ya kwanza ilikuwa na sura ya sanduku la viatu lenye mbawa.

Lakini tupige hesabu. Chukua Mustang ya povu ya mfano, gramu 1,200, bawa la desimita za mraba 22. Mzigo wa bawa: gramu 55 kwa kiganja. Kwenye hewa ya kwetu stoli yake inakuja karibu na kilomita 35 kwa saa ikiwa imenyooka, na 41 kwenye kona ya nyuzi 45. Mtu aliyeanguka kwa kushindwa kulinda 36 unampa 41 ailinde?

Kuna zaidi. Bawa la Mustang linachongoka kuelekea nchani. Bawa la hivyo, hasa kwenye ndege ndogo, huelekea kustoli nchani kwanza. Ncha moja ikistoli kabla ya nyingine, pua haishuki taratibu kukupa taarifa. Ndege inapinduka upande. Na bawa likiwa chini ya bodi, lisiloinuliwa sana kuelekea nchani, ule ukarimu wa ndege ya kujifunzia wa kujirudisha sawa yenyewe unakuwa umepungua.

Kaka ana jibu la maana ambalo video nyingi hazilitoi: ndege nzito haisukumwi ovyo na upepo. Ni kweli. Mzigo mkubwa wa bawa unaifanya ndege ikate upepo badala ya kurushwarushwa kama mfuko wa nailoni. Siku ya upepo Mustang itaonekana imetulia kuliko ndege nyepesi. Ila utulivu huo unalipiwa kwa kasi, na kasi ndiyo iliyotushinda. Upepo sisi tuna dawa yake nyingine, nitaifikia.

Waswahili husema mtoto akililia wembe mpe. Sawa, lakini aliyesema hivyo alikuwa na wembe wa pili nyumbani. Sisi tuna mmoja.

Mgombea wa pili: ileile, mpya

Hili ndilo chaguo la woga, na nililipenda wiki nzima. Ndege kama HobbyZone Apprentice, ya mita moja na nusu, bawa juu, ni mashine nzuri ya kujifunzia. Namba zake haziko mbali na za ndege tuliyopoteza. Inakuja na mfumo wa kujiweka sawa, jairo na vipima mwendo vinavyozuia ndege isilale wala kuinua pua kupita kiasi, na ukibanwa kuna kitufe cha kuirudisha sawa.

Ukosoaji wangu unaugusa mfumo huo wa kujiweka sawa, uwe wa kampuni yoyote. Unajua pembe za ndege, lakini toleo la kawaida halina kipimo cha kasi ya hewa. Unaweza kukuzuia usilale nyuzi 60. Hauwezi kukwambia kwamba unaruka kwa kilomita 33 wakati unahitaji 36. Tena unaficha dalili. Ndege isiyo na jairo ikikaribia stoli inalegea, usukani unakuwa kama wa gari lenye tairi bovu, na unahisi. Jairo linaufuta ule ulegevu, kila kitu kinaonekana shwari, mpaka shwari inaisha ghafla.

Sisemi usitumie jairo. Kwa safari kumi za mwanzo limetuokolea pesa nyingi. Nasema mtu aliyeanguka kwa stoli akarudi kwenye mashine inayomficha stoli, atakuwa amenunua muda tu.

Mgombea wa tatu: ubao wa povu

Wapenzi wa Flite Test wanamjua. Ni kundi la Marekani linalotoa michoro ya ndege za ubao wa povu uliofunikwa karatasi pande mbili, ule wanaotumia watu wa mabango na wanafunzi wa usanifu majengo. Unakata, unakunja, unabandika kwa gundi ya moto. Mchoro wao uitwao Tiny Trainer una mabawa mawili ya kubadilisha kwenye bodi moja: moja la kujifunzia lisilo na aileroni, lingine la michezo lenye aileroni. Kwa mwalimu hilo ni somo zima. Ndege ni ileile, bawa tofauti, tabia tofauti.

Eneo letu la dunia lina ushahidi kwamba njia hii siyo mchezo wa watoto. EcoSoar, ndege isiyo na rubani iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Virginia Tech ili iundwe kwa ubao wa povu na vifaa vya bei nafuu, imefundishwa na kurushwa Malawi.

Kwa nini basi simpi ushindi moja kwa moja? Kwa sababu mbili. Michoro ile ilibuniwa kwa ubao mwepesi sana unaouzwa rahisi huko kwao, na mbao nyingi za madukani kwingine ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule. Usipopima kipande kwenye mizani kabla ya kukata, utaunda ndege yenye sura ya mwanafunzi na mzigo wa Mustang. Ya pili ni umande. Sisi tunarusha saa moja asubuhi kwenye nyasi mbichi, na karatasi ikilowa inaachana na povu. Unaweza kupaka vanishi, lakini vanishi nayo ina uzito. Kila gramu inarudi kwenye ile hesabu.

Mgombea wa nne: yule mwenye propela mgongoni

Multiplex wa Ujerumani wana ndege iitwayo EasyStar. Ukiiona mara ya kwanza utacheka. Bodi kama samaki, bawa pana la mita 1.37, na mota imekaa juu mgongoni inasukuma kutoka nyuma. Uzito wake ni gramu 700 hivi, na mzigo wa bawa uko kati ya gramu 25 na 28 kwa kiganja, kutegemea toleo. Kwa 25, stoli kwenye hewa yetu inakuja karibu na kilomita 23 kwa saa, na 28 kwenye kona ya nyuzi 45. Kasi ileile ya 33 iliyotuua sisi, huyu anakata nayo kona akiwa na akiba ya kilomita tano.

Na akianguka? Nguvu ya mgongano ni nusu ya uzito zidisha kasi zidisha kasi. Kila ndege ikigonga ardhi kwa kasi yake ya stoli, Mustang yetu ya mfano inafika chini na kama jouli 55, ya kujifunzia kama 49, na EasyStar kama 15. Tena kinachotangulia kufika chini ni pua tupu ya povu. Propela na shafti ya mota viko nyuma, juu, salama. Kwenye ajali yetu sisi kilichopinda kilikuwa shafti ya mota.

Wanaorusha kwa kazi wamechagua umbo lenye mantiki hiyohiyo. Zanzibar ilipoanza mradi wa kupiga ramani ya visiwa vyake kwa ndege zisizo na rubani, 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walirusha eBee ya kampuni ya Uswisi, senseFly. Ni ya povu, upana wake haufiki mita moja, uzito karibu gramu 700, propela iko nyuma, na inatua kwa tumbo. Haina sura ya kuwekwa kwenye kalenda. Lakini mtu mwenye kisiwa kizima cha kupiga picha hahitaji ndege nzuri, anahitaji ndege itakayorudi na kesho irushwe tena.

Wazee wa mchezo huu waliliona mapema. Miaka ya 1960 Phil Kraft, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza redio za kuongozea ndege hizi, alibuni ndege akaiita kwa jina la matusi, Ugly Stik, kijiti kibaya. Bawa lake lilikuwa na upana uleule toka shina hadi karibu na ncha, halikuchongoka. Kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa ndege ya pili ya watu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huyu ni kinyume chake.

EasyStar ina kasoro zake. Ile ya awali haina aileroni. Inakata kona kwa usukani wa mkia peke yake, hivyo mikono yako haijifunzi kila kitu. Toleo la pili linaruhusu kuziongeza, na hilo ndilo la kutafuta. Mota ikiwa juu mgongoni, ukiongeza moto ghafla pua inataka kushuka badala ya kupanda, na mgeni anashtuka. Haina magurudumu, unairusha kwa mkono, na propela inapita karibu na vidole vyako. Kwa watoto hiyo ni sheria isiyo na mjadala: anayerusha ni mtu mzima, na moto hauongezwi mpaka ndege imeshatoka mkononi. Na upepo ukija, ndege nyepesi hivi inahangaika kuliko wote.

Dawa ya upepo

Nilisema nitarudi hapa. Mteremko wa Kilimanjaro una saa yake. Usiku hewa inapoa juu mlimani, inakuwa nzito, inateremka kwetu. Mchana jua linapasha mteremko, hewa inapanda kutoka tambarare kwenda juu, na inapopanda inajenga yale mawingu yanayoufunika mlima. Katikati ya zamu hizi mbili kuna utulivu, na asubuhi ndiyo yetu.

Kwa hiyo sasa tuna kanuni isiyohitaji kipimo wala simu. Ukiona Kibo iko wazi, rusha. Mlima ukianza kujifunika, upepo wa kupanda umeshaanza kazi, pakia vitu. Siku ile saa tano na nusu mlima ulikuwa umejifunika wote, unaonekana hadi chini ya barafu tu kama pazia la kijivu. Tuliuona. Tulikuwa tunasubiri darasa lingine lije.

Jambo la mahali nalo nisiliruke. Tunaishi Shirimatunda lakini haturushi Shirimatunda. Uwanja wa ndege wa Moshi uko jirani, na vyombo vinavyoruka bila rubani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kama una mpango wa kurusha chochote, anza na ruhusa. Ndege ya gramu 700 kwetu ni nyepesi, kwa rubani anayeshuka na abiria siyo nyepesi hata kidogo.

Uamuzi

Nilipiga kura yangu kwa propela mgongoni, toleo la aileroni, bila jairo. Mwenzetu wa tatu akakubali. Kaka alikataa wiki moja, halafu akaja na masharti, na masharti yake yameboresha hoja yangu kuliko nilivyotaka kukiri.

Sharti la kwanza: ile iliyokufa isitupwe. Tulipoichambua, sevo zote nne zinafanya kazi, risiva ni nzima, mkia hauna mkwaruzo. Shafti ya mota inabadilishwa. Pua tunaichonga upya kwa povu na kuibandika kwa gundi, bawa tunaliwekea ufito mpya ndani. Kitu pekee tulichokataa kukiokoa ni betri. Ilikuwa imebonyea upande mmoja, na betri ya lipo iliyobonyea au kuvimba haichajiwi tena hata kama inasoma volti sawa, maana tabaka za ndani zikigusana inaweza kuwaka. Iko nje kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba, tukitafuta pa kuipeleka.

Sharti la pili: kabla ya ndege mpya kuruka, kila mmoja wetu apige saa kumi kwenye simuleta. PicaSim ni ya bure na inaingia hata kwenye simu. Nilikuwa naidharau kwa sababu inafundisha mikono tu, haikupi upepo wa usoni. Lakini ina upepo ndani yake, na unaweza kuuweka mgongoni, ukakata kona, ukaanguka mara arobaini bila kuchangishana. Nimeanguka mara ishirini na sita hadi sasa. Kuanzia ya kumi na tano nilianza kuiona inakuja.

Sharti la tatu: Mustang ibaki kwenye orodha, na tuandike ukutani ni lini itanunuliwa. Hapo tulibishana sana. Mwisho tukaandika hivi: siku ambayo kila mmoja wetu ataweza kupanda juu na ndege nyepesi, kimo cha kutosha, akaistolisha kwa makusudi mara kumi, akaitoa mara kumi, tena akiwa anasema kwa sauti kasi yake ya hewa ni ngapi. Hiyo ndiyo ngazi yetu. Ina hatua moja tu, lakini hatua hiyo inapimika.

Jumamosi iliyopita nilirudi shuleni bila ndege. Nilienda na video, kipande cha bawa kilichovunjika, na ile hesabu ya 47 kutoa 14. Yule binti ndiye aliyeimaliza ubaoni. Aliandika 33, akaandika 36 pembeni yake, akaziangalia kidogo, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo Madam, mimi nilipokuwa naishika haikuanguka kwa sababu gani?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Nikamwambia ukweli: yeye alikuwa anaelekea kusini, upepo uko usoni, ndege ilionekana inakwenda polepole, kwa hiyo alikuwa ameongeza moto.

Macho yake yalidanganywa kama yangu, ila yeye yalimdanganya kuelekea upande salama. Ndege mpya ikifika, yeye ndiye wa kwanza kushika rimoti baada yetu. Safari hii atairusha upepo ukiwa mgongoni, juu sana, nami nimesimama pembeni.